Siku Normande Alipokaa Chini Boston

Normande Thibodeau alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo tulifanya kazi pamoja, yeye upande mmoja wa mashine ya pasi na mimi upande wa pili, kila mtu na pembe yake ya shuka. Sakafu ya pale ni saruji tupu. Wagonjwa hawana sikukuu, na mashuka yao hali kadhalika. Krismasi ilitukuta pale, Pasaka ilitukuta pale, na Juni ishirini na nne, sikukuu ya jimbo letu la Quebec huku Kanada, watu wote wakipeperusha bendera za buluu na kuwasha mioto, sisi tulikuwa tunavuta mashuka.

Mwaka ule tukapewa ruhusa sote wawili. Sikukuu iliangukia Jumatatu. Normande aliniambia anachokitaka ni kulala mpaka ubavu uchoke kulaliwa, basi.

Lakini mumewe, Réjean, alikuwa amestaafu kiwanda cha karatasi miaka mitatu nyuma, na kukaa nyumbani kulikuwa kumemshinda. Dada yake, Huguette, alikuwa anakusanya watu wa basi la kwenda Boston, Marekani: kuondoka mji wetu wa Trois-Rivières Jumapili, kulala huko, Jumatatu kutembea mji hadi saa tisa alasiri, kisha kurudi. Réjean akachukua viti vitatu. Cha tatu kilikuwa changu, ili Normande akose sababu ya kukataa. Hakukataa. Kukataa nako kunataka nguvu.

Jumatatu asubuhi Boston haikuwa na habari na sikukuu yetu. Watu walikuwa wanawahi kazini na vikombe vya kahawa mkononi, wakitukwepa kama maji yanavyokwepa jiwe. Pale mjini kuna mstari mwekundu uliochorwa njiani, ambao mgeni anaufuata ili aone mambo ya kale. Réjean aliushika kama mtu aliyetumwa. Alisimama kwenye makaburi ya zamani akasoma kila jiwe, na Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi. Tukaingia kanisani, tukatoka. Tukaona nyumba fulani, tukaona mlango wa nyumba nyingine. Alichokuwa anakililia hasa ni meli ya kale ya kivita, mwisho wa mstari, ng'ambo ya daraja. Aliizungumzia tangu Januari.

Normande alikuwa anatembea nyuma, na nikaona ameanza kukanyagia ukingo wa nje wa miguu, kama tunavyofanya kazini zamu ikikaribia kwisha. Tulipofika mtaa wa Waitaliano palikuwa na kiwanja kidogo chenye mabenchi. Akamwambia mumewe atangulie, yeye anapumzika dakika tano. Réjean akaenda. Mimi nikabaki naye, na sikufanya hivyo kwa wema tu. Na mimi nilikuwa hoi.

Tukafungua mikate ya nyama tuliyotoka nayo hotelini. Wazee wawili walikuwa wanacheza karata benchi la pili, na Normande akawatazama mpaka akasinzia, mkate mkononi, kinywa wazi. Sikumwamsha.

Réjean alirudi baada ya karibu saa nzima, jasho linamtiririka, kofia ameishika.

"Mpo hapa? Nimefika darajani nageuka nyuma sioni mtu. Nimekaribia kwenda polisi."

"Si nilikwambia utangulie," Normande alisema.

"Ulisema dakika tano. Haya inuka, tukiharakisha meli tunaiwahi."

"Keti, mzee wangu."

"Normande, muda..."

"Keti."

Akaketi. Nikataka kuondoka, Normande akaniwekea mkono gotini, nikabaki.

"Nimeshampa bosi barua," alisema. "Mwisho wa Agosti sirudi tena pale."

Réjean akasema walikubaliana afanye kazi miaka miwili zaidi, halafu wanunue karavani, waizunguke nchi hadi bahari ya upande wa pili.

"Ulikubali wewe. Mimi nilinyamaza."

"Kwa hiyo huyu mwenzako wa kazini anajua kabla yangu?"

"Hata yeye anasikia sasa hivi," Normande alisema, na ilikuwa kweli. Barua ile hata mimi alinificha. "Mzee, unadhani nimechoka leo. Leo ni mapumziko. Nimechoka tangu mama yako yuko hai."

Réjean alitazama viatu vya mkewe, jinsi miguu ilivyovimba ikamwagika juu ya kamba. Akachuchumaa pale pale kiwanjani, magoti yakamlia, akaanza kufungua kamba moja moja. Lakini hasira zilikuwa hazijamtoka, na kamba ya pili aliivuta kwa nguvu mpaka ikakatika.

Meli hakuiona. Tulirudi kwa teksi hadi kwenye basi, Normande soksi tupu, viatu kwenye mfuko. Huguette akamuuliza kaka yake meli ilikuwaje, naye akajibu kwamba ni kubwa. Kisha akageukia dirisha, akalitazama jimbo zima la Vermont likipita.

Mpakani aliingia ofisa wa forodha, binti wa kwetu, akawa anapita kiti kwa kiti akiuliza tunarudi na nini. Alipofika kwa Normande, Normande akamwambia, "Miguu miwili, mwanangu, na yote ilikuwa yangu tangu kuondoka." Basi zima likacheka. Réjean alijizuia kwa muda, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye mashine.

Normande aliacha kazi Agosti kama alivyosema. Réjean alinuna hadi majani yalipopukutika, na karavani haikununuliwa. Siku hizi anakwenda na basi la dada yake peke yake, na ameshaiona ile meli. Normande anasema haulizwi tena kama atakuja. Nikipita kwake baada ya zamu namkuta barazani, miguu juu ya kigoda, na ananiambia niketi kabla sijavua koti. Mimi nimebakiza miaka minne nistaafu. Aliyewekwa mahali pake ni msichana mzuri, ila anavuta shuka haraka mno.