Kasha la Nafasi

Baba yetu alikuwa mchapaji wa herufi za madini ya risasi, zile zinazopangwa moja moja kwa mkono, na karakana yake ilikuwa mtaa wa Rusimbi. Maradhi yalipomzidi alituita, mimi na dada yangu, ili atugawie vitu vyake.

"Mapambo ni ya dada yako," alisema. "Wewe nakupa nafasi."

Nilimshukuru kwa unyenyekevu, nikidhani ananirithisha kiti chake. Kumbe alikuwa akizungumzia makasha. La dada yangu lilikuwa na vyumba vidogo vilivyojaa maua, nyota, hilali na kona za fremu. Langu lilikuwa na vipande vya risasi visivyo na sura yoyote, vile vinavyotenga neno na neno. Hivyo huundwa vifupi kuliko herufi ili wino usivifikie. Vikifanya kazi vizuri, hakuna anayeviona.

Mashine ya kuchapia ilifuata mapambo, kwa kuwa dada ndiye aliyekuwa na mkono wa kazi ile. Mimi nililipeleka kasha langu nyumbani kwangu Gungu, nikaliweka juu ya kabati la vitabu. Tangu hapo, karibu kila kadi ya harusi niliyoletewa ilikuwa na ua la baba. Watu walilipapasa kwa kidole, wakamsifu dada yangu, nami nikatabasamu huku roho ikiniuma.

Majuzi alinijia kwa bodaboda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nina kadi za harusi ya huko Kasingirima na mistari inacheza, herufi hazikazi. Nimekatakata boksi nikajazia, wapi! Niazime nafasi zako."

"Nawe niazime ua moja."

"Ulifanye nini, profesa? Ulimwagilie maji?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kasha nilimpa, lakini nililisindikiza hadi Rusimbi, nikiwa nimelipakata. Dada alipanga mistari, akaibana, akachapa kadi ya kwanza. Kati ya jina la bibi harusi na la bwana harusi palikuwa na doa jeusi la mraba: kipande changu kimoja kilikuwa kimeinuka, kikashika wino. Alisonya, akakigonga kikashuka, akaitupa kadi chini.

Niliiokota.

"Hiyo imeharibika, mdogo wangu."

"Naiona," nilimjibu, nikaitia mfukoni wino ukiwa bado mbichi.

Zilizofuata zilitoka safi. Mama wa bibi harusi alipokuja kuzichukua, alilipapasa ua, akalisifu sana. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, ukilipapasa doa.