Ocira Hajaoshwa

Mfiwa akikuuliza habari za maiti wake, mjibu ulichokiona. Kanuni hiyo Mwalimu Santina Abwola aliwafundisha wanafunzi wa uhifadhi wa maiti kabla hawajashika sindano. Wengi waliidharau, walikuja chuoni Wandegeya, Kampala, kutafuta cheti, si dhamiri. Yeye aliishika tangu alipokuwa mhudumu wa mochwari, akaendelea nayo alipofungua nyumba yake ya mazishi upande wa Kalerwe. Ilikuwa rahisi kuishika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtisha aiache.

Asubuhi moja wanaume wawili waliovaa kiraia walimletea maiti ya kijana aitwaye Ocira. Ajali ya boda boda, walisema. Wakamwachia suti, shati la mikono mirefu, soksi, na jeneza lenye msalaba na kidirisha cha kioo.

"Mtengeneze, mvike, funga," alisema mkubwa wao. "Familia itaona uso. Uso inatosha."

Santina alipomfunua, uso ulikuwa mzima. Lakini vifundo vya mikono vilikuwa vimekatwa na kamba, na nyayo zimevimba, nyeusi. Mtu aliyeanguka na pikipiki hafungwi kamba. Akamaliza kazi, akamvika, akafunga kifuniko, huku akijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza kitu.

Mchana wale wawili walikuwa wamerudi kusimamia, ndipo akaingia mzee Sebit, baba mdogo wa marehemu, sajenti mstaafu wa polisi. Alikuwa na sanda kwapani, na nyuma yake wapwa zake wamebeba ndoo. Wale wanaume walikuwa wamesikia jina la Kiacholi tu, wakadhani ni Mkristo, wakanunua jeneza la msalaba. Mama yake Ocira ni Mkatoliki wa Gulu, lakini baba yake alikuwa Mwislamu, na kijana alifuata dini ya baba.

"Nani amewekea mtoto yetu msalaba?" Sebit aliuliza. "Huyu hata Krismasi alikuwa anaenda kwa mama yake kula tu."

Mkubwa wa wale wawili hakucheka. "Pole, mzee. Ameshaoshwa. Shehe alikuja, akamaliza kila kitu. Si ndiyo, nyabo, mama yetu?" Alikuwa amesimama nyuma ya Santina, karibu mno, pumzi yake ikimgusa shingoni. "Nyabo ni mtu wa maana. Ana msichana anasoma hapo Nakasero. Hawezi danganya."

Santina hakuwahi kumtajia kwamba ana binti.

Sebit akamgeukia. "Mwalimu, mtoto yetu ameoshwa?"

Alihisi kichwa chake kikianza kuitikia chenyewe. Akashika ukingo wa jeneza kwa nguvu.

"Bado, mzee." Sauti ilitoka ndogo, kama ya mgonjwa. "Mimi nimemtia dawa tu. Hapa hakuna shehe aliyefika. Mwosheni wenyewe. Mtazameni mikono, mtazameni na nyayo."

Yule mtu alimwangalia bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akamwita mwenzake, wakatoka taratibu. Ndani, maji yalisikika yakimiminwa, kisha yakakoma ghafla, na Sebit akaanza kulia.

Kabla ya mwezi kwisha chuo kilimwachisha kazi bila kumpa sababu, na nyumba yake ya mazishi ikafungwa. Akampeleka binti yake kwa ndugu zake ng'ambo ya mpaka, Kisumu, na haendi kumwona kwa kuogopa kufuatwa. Jibu lile lilimgharimu kazi ya maisha yake na malezi ya mwanawe.