Nilinyamazisha Mashine, Shemeji Akapoteza Sauti

Ndugu msomaji, nimekosa, wala sina wa kumsingizia. Jina langu nalificha kwa sababu nyumba yetu ya Jomvu Kuu inajulikana, na mama yangu yu hai.

Nafanya kazi Changamwe, kwenye kampuni ya mafuta. Nakaa na mashine inayopokea habari kutoka kwenye matangi ya kilimani. Mtu wa huko akipiga herufi, mashine yangu inaziandika yenyewe kwenye karatasi, ta-ta-ta, mchana kutwa. Mimi nasoma, kisha namwambia Mzee Bakari, fundi wa pampu inayopandisha mafuta huko, chumba cha pili.

Mashine ina swichi. Ukiizungusha, haiandiki tena. Maneno yanatobolewa kama vitundu kwenye utepe wa karatasi, yakingoja kusomwa baadaye, na chumba kinatulia.

Ilikuwa Ramadhani, jua kali, na daku lilikuwa limenipita kwa usingizi. Kelele zile zilinipasua kichwa! Nikasema moyoni, habari za mchana ni vipimo vya mafuta tu, nitavisoma baada ya alasiri. Nikazungusha swichi.

Nilidhani neno la hatari lingepiga kengele hata hivyo. Wallahi nilidhani! Kumbe kengele nayo hupita njia ile ile. Vipimo na kilio, vyote nilivipeleka kwenye utepe. Nikalaza kichwa mezani.

Aliyeniamsha ni Mzee Bakari, mlangoni.

"Saumu imekushika, mwanangu? Kuna neno la huko juu? Nataka kusukuma mafuta."

Utepe ulikuwa umejaa sakafuni. Ningeinama tu! Lakini niliona haya kujulikana kuwa nimelala kazini.

"Hapana neno, mzee. Sukuma."

Akaenda. Pampu ikaanza kunguruma. Ndipo nikauokota utepe, nikaulisha kwenye mashine uandikwe. Vipimo, vipimo, kisha: MSISUKUME. OMARI YUMO TANGINI ANASAFISHA.

Omari! Shemeji yangu, mume wa dada yangu Zena! Nilikimbia nikipiga mayowe, Mzee Bakari akafunga pampu. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yameshamfikia. Alitolewa hai, kifua kimejaa.

Omari alikuwa muadhini wa msikiti wetu. Magharibi ikiingia, sauti yake ilivuka hori, na watu wa ng'ambo walifuturu kwa kumsikia yeye. Sasa ananong'ona. Hata kumwita mwanawe aliye uani hawezi.

Bwana mkubwa alipouliza, nilisema mashine iliharibika. Utepe na karatasi yake nilivitia jikoni kwa mama, vikaungua nikivitazama. Mzee Bakari alinitazama sana, wala hakunichongea. Tangu siku hiyo hanywi chai nami.

Kila nikipeleka unga na samaki, Zena hunililia. "Kaka'angu, Mngu akulipe. Wengine wote wametutupa, illa wewe." Na Omari hunishika mkono akaniombea dua, nami sina budi kutega sikio karibu na kinywa chake ndiyo nisikie. Dua, jamani! Mimi! Heri angenitukana.

Mji mzima unangoja uhuru, watu wanashona nguo mpya. Mimi sina raha hata ya kula.

Enyi mnaokabidhiwa kusikiliza kwa ajili ya wenzenu, msikilize wakati huo huo, hata kichwa kikiuma vipi. Na ukiulizwa kama kuna neno, nawe hujatazama, sema hujatazama! Haya ya kukutwa umelala huisha kwa siku mbili tu. Hii yangu haiishi.

Majina nimeyabadili. Lakini dada yangu hajui kusoma. Gazeti likifika Jomvu, mumewe ndiye humsomea, kwa ile sauti yake ya kunong'ona. Akifika mstari huu atakuwa ameshajua.

Shemeji, ni mimi.