Saladi Niliyoila Mbele ya Bwana Khalfani

Kacha, kacha, kacha. Kabla sijaona kitu nilisikia kisu kikikata majani jikoni kwetu mjini Ibra, mkato laini wenye maji ndani yake, nami chumbani napigana na kilemba kisichotaka kukaa, nikatabasamu kwenye kioo nikasema alhamdulillahi, Mama ameshaanza, wageni watakula. Yakhe, laiti ningejua nilichokuwa nakisikia! Aibu ya siku ile naisimulia leo kwa sababu tayari mmeshaipata nusunusu, tena ile nusu ya uongo.

Ilianza na uamuzi mdogo. Miaka hiyo ya mwisho wa tisini nilikuwa mwanafunzi, na utafiti wangu ulikuwa saladi (msicheke). Ndani ya jani mna vimeng'enya, mafundi wadogo wasioonekana kwa macho, na mmoja wao kazi yake ni kuipokea naitrojeni iliyopanda kutoka udongoni na kuifunga pamoja na kaboni ambayo jani limeivuta hewani, ndipo jani linanenepa. Sisi tulimbadilishia jeni fundi huyo ili aongeze bidii, mkulima apunguze mbolea. Na miche ikaitika, mibichi, imejaa, inang'aa kama imepakwa samli. Profesa akanionya: jani hata moja lisiingie kinywani mwa mtu, maana halijapimwa.

Basi Jumatano jioni kiyoyozi cha chumba cha miche kikafa, na joto la mwezi wa sita mnalijua wenyewe, fundi haji mpaka Jumamosi, nikaona kuliko kuiacha ikauke bora niipakie garini nije nayo nyumbani (kinyume cha kila amri). Nikaipanga kivulini, ubavuni mwa jiko, nikaenda kulala bila kumwambia mtu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kesho: Bwana Khalfani wa Nizwa, babake Zuwena, alikuwa anakuja kula chakula cha mchana na kutujibu posa yangu.

Nilielewa sinia ilipotua katikati ya majilisi, chumba chetu cha wageni. Wali, nyama ya mbuzi juu yake, na kuzunguka ukingo wote, kama shada la bibi harusi, miaka miwili ya utafiti wangu.

"Tafadhal, Bwana Khalfani," Baba akasema, akimsogezea mgeni mnofu. Bwana Khalfani akauacha mnofu, mkono wake ukaenda kwenye jani.

Ningesema nini? Mgeni haambiwi "hiki usile" kwenye sinia ya nyumba yako, ni kumvua nguo mama yako hadharani, na Mama yuko nyuma ya mlango wa ndani anasikiliza kila tafuno. Nikalinyakua lile jani mbele ya vidole vyake, nikalitia kinywani.

"Huyu majani anayapenda," Baba akasema, huku jicho lake likinichinja.

Nikachukua jengine, na jengine, nikaizunguka sinia kama mbuzi aliyekata kamba, nyama sigusi, wali sigusi, natafuna na kutabasamu, maji ya kijani yananitiririka kidevuni mpaka kwenye kanzu nyeupe niliyoshonewa kwa siku ile. Bwana Khalfani, mtu wa ukarimu, akaanza kunikusanyia ya upande wake (hapo nikamshukuru Mungu), kisha akapaza sauti kuelekea mlango wa ndani: "Bi Ghanima! Mwanao atakufa kwa hamu ya saladi, huna nyengine?"

"Ipo tele!" Mama akaitika kwa furaha, na mlangoni likasukumwa bakuli zima, limelowa ndimu.

Nililitazama. Nikaliweka kando, mbali na mkono wa mgeni.

"Shikamoo, baba," nikamwambia Bwana Khalfani (nilishamwamkia zamani, lakini akili ilikwisharuka). "Hii si saladi. Yaani ni saladi, lakini ya chuoni, tumeibadilisha ndani kwa ndani, haijapimwa, mtu haruhusiwi kuila."

"Ya Rabbi!" ikatoka sauti ya Mama. "Na mimi nikasema mwanangu kakua, kaleta zawadi ya wageni! Ya dukani yote imenyauka!"

"Mbona wewe unaila?" Bwana Khalfani akaniuliza.

"Ili usiile wewe."

"Na ulimi ulikuwa wapi?"

"Nilichelea Mama atafedheheka."

"Na sasa hajafedheheka?"

Nikajifuta kidevu. Bwana Khalfani akanawa, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha inatosha, akajifukiza udi, na baada ya udi hakuna kukaa. Baba alikuwa anahesabu nakshi za zulia. Tangu siku ile hakuna mche wangu uliovuka geti la chuo, na mgeni akinyoosha mkono kwenye kitu kibaya nasema palepale, afedheheke atakayefedheheka.

Nikamsindikiza Bwana Khalfani hadi mlango wa nje. Akavaa viatu bila haraka.

"Zuwena alikwishakubali," akasema. "Mimi nilikuja kumtazama kijana mwenyewe, amelelewaje."

Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili. Akaendelea:

"Sasa tungoje mwezi mmoja, inshallah. Ukiwa hujaota mizizi, njooni Nizwa tusome Fatiha ya uchumba."

Akageuka, mabega yanamtetemeka kwa kicheko alichokizuia tangu kwenye sinia, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.