Ukuta wa Nyuma ya Vyoo

Nimecheza beki wa kati miaka kumi na moja kwenye ligi za mkoa, na hakuna mshambuliaji aliyewahi kunivunja. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiniona nachechemea hunipa pole: "Mpira wa Bongo mgumu, braza." Mpira haukunikosea kitu.

Asubuhi nilichomelea mageti Gongo la Mboto, jioni mazoezi kwenye uwanja wa vumbi. Beki wa ligi zetu hana mashabiki. Mshambuliaji akifunga anabebwa juu juu. Wewe ukizuia dakika tisini unaambiwa mchafu. Sheria yetu ilikuwa moja: mpira upite, mtu abaki. Na niliipenda kazi hiyo, sitaki kudanganya.

Nikiwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao mabeki wengi huanza kupunguza miaka, kocha wa timu moja ya ligi kuu aliniletea salamu kwamba angekuja kunitazama kwenye mechi yetu ya mwisho. Nilijua hakutakuwa na mara ya pili.

Tulifika uwanjani, kule Temeke, geti liko wazi na mlinzi anatupungia mkono. Mzee wa kamati ya ufundi akatuzuia. Ufundi wenyewe ni hirizi na waganga, tunaowaita wataalamu. Jina hilo ni la heshima tu.

"Getini hapiti mtu," alisema. "Wenzenu washatega dawa pale. Tunaruka ukuta, nyuma ya vyoo."

"Mzee, shikamoo. Ukuta ule mrefu, halafu kwa ndani kuna vifusi. Na mie leo natazamwa."

"Marahaba. Kwa hiyo sie tufungwe kwa ajili yako? Ruka."

Nikaruka. Linaloniuma kuliko mfupa ni hilo. Mtu mzima, fundi wa mageti, najua geti ni chuma na rangi, nikaruka kwa kuogopa kuitwa msaliti. Mguu wa kulia ulitua juu ya tofali, kifundo kikageuka, nikausikia mlio wake. Jezi yangu haikuwa na hata tone la jasho.

Tulishinda bao moja bila. Yule kocha, niliambiwa, aliuliza namba nne yuko wapi, akaondoka kabla ya mapumziko.

Kesho yake mzee alikuja hospitali na machungwa, timu nzima nyuma yake. Alikuwa na furaha mpaka nikapata hasira.

"Usihuzunike, mwanangu," alisema huku akinimenyea. "Mtaalamu alishatuambia tangu juzi. Ili tushinde, mmoja wetu lazima adondoke."

Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja, watu niliowakingia goli misimu yote ile. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa.