Mke Wangu na Kiingereza cha Vitu Vibovu

Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani. Kiingereza hakukijua. Alikuwa na maneno ya kupondea vitu tu: feki, rabishi, skrepa, chipu. Aliyaokota kwa wateja kama mtu anavyookota vifungo chini ya meza.

Kitu kizuri alikisifu kwa Kiswahili. Kibovu, Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini.

"Baba watoto, ukimwambia mtu kwa lugha yake kwamba kitu chake hakifai, unamvunja moyo. Kwa lugha ya watu, anacheka."

Kweli walicheka. Mteja akileta suruali, yeye huvuta zipu mara moja tu. "Rabishi hii, kaka. Tubadilishe." Majirani wakienda kununua sufuria, lazima wampitie. Wenye maduka wakimwona kwa mbali, "Haya, mwenye rabishi zake huyo!"

Tangu aondoke, nyumba yangu ina adabu kupita kiasi.

Basi, enzi za uhai wake, binti yetu wa mwisho alipata mchumba, kijana fundi redio. Siku ya kuja kujitambulisha, binti akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, leo Kiingereza hapana. Nakuomba. Huyu akiondoka na aibu, harudi."

"Mimi bubu," mama mtu akajibu.

Kijana akaja na pasi ya umeme, mpya, ndani ya boksi. Zawadi ya mama mkwe. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili. Akaipima uzito. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye waya. Nikaona midomo inamcheza. Binti akamkazia macho. Mimi nikakohoa.

Wapi!

"Feki."

Binti akafunika uso kwa viganja.

Kijana akaweka kikombe chini. "Feki, mama?"

"Feki, baba. Nyepesi kama kopo tupu. Itaunguza nguo za watu. Na wewe fundi mzima, hukuona?"

"Zawadi haifunguliwi, mama. Nilinunua boksi."

Mke wangu akaangua kicheko. Kijana naye akatoa bisibisi mfukoni, akaketi sakafuni, akaifungua palepale. Akachungulia.

"Lo! Mama, umeipendelea. Hii skrepa."

"Na waya?"

"Chipu."

"Si nilijua!"

Mke wangu akashuka kitini, akakaa naye chini. Wakafukua vyuma, vichwa vinakaribia kugongana, wakimsema muuzaji mpaka nikamhurumia. Chakula kikapoa. Binti bado kajifunika, anachungulia kwa katikati ya vidole.

"Kesho nairudisha," kijana akasema. "Nitakutafutia nyingine."

"Usithubutu kwenda peke yako, watakupiga changa la macho tena. Tutaenda wote, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo hakuwa akilimwaga ovyo. Binti akashusha mikono, akachukua sahani, akaenda kupasha chakula.