Nilimwambia Mwalimu Waya Nimeushusha

Jina langu sitaliandika. Siogopi polisi, maana hakuna polisi wa kushughulika na kosa la namna hii. Naona haya tu. Nilisema uongo mmoja mfupi, nikauapia kwa jina la Mungu. Uongo ule ulimtia mzee wa watu gerezani, ukamtenganisha na rafiki yake wa miaka ishirini, na mimi nikakaa kimya nikitazama. Nisikilizeni, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mwaka wa tisini nilikuwa kijana mwenye kibanda changu cha kutengeneza redio mtaa wa Kimisagara, katika mji mkuu wetu. Siku moja akaja mzee mwenye fimbo, anapapasa meza kabla ya kuweka mzigo wake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Sura ya mtu aliiona kama kivuli. Alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote, amestaafu, anakaa mtaa wa Nyamirambo na mkewe, Mama Fosta. Kila mtu alimwita Mwalimu tu, nami namwita hivyo mpaka leo.

Mzigo wenyewe ulikuwa redio. Si ya kusikiliza habari, la. Ilikuwa redio ya kusema na kujibiwa. Unaita hewani, mtu usiyemjua anakujibu kutoka nchi ya mbali, mnasalimiana, mnaulizana hali ya hewa, basi. Padri mmoja wa zamani alikuwa amemfundisha na kumwachia mashine. Kibali cha serikali alikuwa nacho, amekitundika sebuleni kama picha ya harusi.

"Fundi," akaniambia, "mashine iko nzima. Antena ndiyo imeoza. Mimi siwezi kupanda mti tena. Utakuwa macho yangu?"

Nikasema nitakuwa. Ole wangu!

Kazi ile ilinichukua wiki tatu za alasiri. Waya wa antena si kamba ya kuanikia nguo, jamani. Una urefu wake. Ukizidi au ukipungua, nguvu haitoki hewani, inarudi kwenye mashine na kuiunguza. Kuna mita ndogo yenye mshale: mshale ukipanda, nguvu inarudi, ukilala chini, nguvu yote imetoka. Mwalimu alipiga hesabu kichwani, nikakata vipande viwili vya waya mwembamba wa shaba, kila kimoja mita tano na kidogo. Nikavinyoosha kutoka mkaratusi wa nyuma ya nyumba mpaka kwenye nguzo, na katikati nikaunga kebo nene nyeusi iliyoingia dirishani.

Tukapima. Mshale juu kabisa!

Mabati ya nyumba yalikuwa yanaharibu hesabu. Nikapanda, nikafungua, nikakata upana wa vidole viwili kila upande, nikafunga tena. Mshale ukashuka kidogo. Kesho yake nikausogeza waya mbali na paa, mshale ukapanda tena. Mwalimu alikaa kwenye stuli na daftari, mimi namsomea namba, yeye anacheka: "Bado, sha, kijana wangu. Kata kidole kimoja tu. Kidole chako, si changu, changu ni kinene."

Siku mshale ulipolala, aliita mara tatu. Mzee mmoja wa Ureno akajibu, sauti safi kama yuko jikoni. Mwalimu alinishika mkono, akaubana. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu kikanipa fahari kama ile. Nikaunga viungo vyote kwa risasi ya kuyeyusha, nikavipaka lami, nikasema waya huu hautashuka mpaka mti uanguke.

Haikupita miezi mingi, vita vikaanza kaskazini.

Mnaokumbuka Oktoba ile mnakumbuka. Watu walikuwa wakichukuliwa majumbani, ukiambiwa wewe ni msaidizi wa adui imekwisha. Mwalimu akanitumia mtu, niende mbio. Nilimkuta ameketi, redio ameificha ndani ya gunia la mahindi.

"Fundi, kibali hakitanisaidia sasa. Shusha waya. Wote. Leo."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Nikapanda. Nikaifungua ile kebo nene, nikaikunja. Halafu nikautazama waya wangu, umenyooka vile, mwembamba hata kunguru hauoni. Nikafikiri juu ya zile wiki tatu. Nikajiambia vita hivi ni vya siku chache, nikiushusha nitaanza upya, na nani atauona? Yarabi, laiti mti ule ungenitupa chini saa ile!

Nikashuka, nikampa kebo mikononi. Akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa vidole.

"Na waya?"

"Nimeushusha."

"Wote?"

"Wallahi, Mwalimu. Wote."

"Mungu akubariki, mwanangu. Sasa nitalala."

Siku ya tatu askari wakaja. Mama Fosta alikuwa sokoni. Mimi nilipata habari kibandani nikapanda mlima nikikimbia. Nikakuta mlango wazi, mahindi yamemwagwa sakafuni, redio hakuna, Mwalimu hakuna. Jirani wa ng'ambo, mama mmoja muuza mkaa, akaniambia: "Walisimama hapa barabarani kwanza. Mmoja alikuwa ananyoosha kidole kule juu ya mti. Sijui aliona nini, ndege labda."

Mimi nilijua aliona nini. Jua la mchana lilikuwa limeupiga ule waya, unang'aa kama uzi wa buibui wenye umande.

Sasa hapa ndipo mnitemee mate. Sikukimbilia kumtafuta Mwalimu. Nilipanda mti, nikaukata waya, nikauficha ndani ya shati kabla Mama Fosta hajarudi. Aliponikuta uani nikamwambia nimekuja kusaidia kuzoa mahindi. Akanishukuru huku analia. Akanishukuru!

Mwalimu alikaa ndani miezi sita. Walipowaachia watu wengi kwa pamoja naye akatoka. Alikuwa amekonda, anakohoa, na ule ukungu wa macho ulikuwa umekuwa giza tupu. Nilikwenda kumsalimu nimedhamiria kusema. Nimeapa njiani nitasema. Nikamkuta kitandani, Mama Fosta anamnywesha uji.

"Fundi, kaa," akasema. "Nikuulize kitu. Walitaka nikiri kwamba nina antena. Nikasema nilikuwa nayo lakini nimeishusha. Wakanipiga, wakasema mimi mwongo, iko. Kila nikisema nimeishusha, wananipiga. Sasa nani aliwaambia kwamba nina antena? Ni mtu anayeijua nyumba yangu."

Nikasogeza stuli yangu karibu na mlango.

"Ni Deo," akasema Mwalimu.

Deo alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa chini. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwa Mwalimu, wanakunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, wanabishana. Suti zote za Mwalimu alizishona yeye. Asubuhi ya siku ile ya kukamatwa, watu walimwona Deo akizungumza na askari njiani. Walikuwa wanamwuliza kitambulisho, kama walivyomwuliza kila mtu, lakini nani angeamini?

"Labda si yeye, Mwalimu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni nani? Wewe?" Akacheka, akakohoa. "Wewe uliapa. Wewe nakujua."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, niliulizwa waziwazi. Nikasema, "Pole sana, Mwalimu," nikaondoka.

Deo alikuja mara mbili kubisha. Mara ya kwanza Mama Fosta alimwambia mgonjwa amelala. Mara ya pili Mwalimu mwenyewe alipaza sauti kutoka ndani: "Mwambieni arudi kwa waliomtuma!" Nilikuwepo. Nilikuwa natengeneza taa yao. Niliendelea kutengeneza taa.

Mwalimu alifariki mwaka wa tisini na tatu, kifua. Siku ya mazishi watu wamejaa uani, Deo akaingia na suti nyeusi mkononi, imepigwa pasi vizuri. Mwalimu alikuwa ameiacha kwake kutiwa bitana kabla ya vita, naye alikuwa ameitunza miaka yote ile.

"Mama Fosta," akasema, "nimemletea nguo yake ya kusafiria."

Mama Fosta akamtazama. "Peleka huko. Hatutaki kitu kilichoshikwa na mkono wako."

Deo alitutazama mmoja mmoja, kama anatafuta mtu wa kusema neno. Macho yake yalipita kwangu pia. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake! Nikainama nikajifanya napanga viti. Akaikunja suti ile taratibu, akaiweka chini ya kwapa, akatoka.

Tangu siku hiyo kazi ilinishinda. Nilifunga kibanda siku nzima nzima. Mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine, tukagombana mpaka akarudi kwao, na sikumweleza ukweli hata yeye. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne nikashindwa. Nikaenda kwa Mama Fosta, nikamkuta anachambua maharage, nikapiga magoti, nikasema yote: waya, kiapo, ule waya ndani ya shati siku alipolia.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua maharage muda mrefu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu amekufa anamchukia mtu asiye na kosa. Utakwenda kumwamsha umwambie?"

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Na mimi nimemfukuza msibani. Mbele ya watu." Hapo akaacha kuchambua. "Usiniombe msamaha mimi. Simama. Nenda kwa Deo, umwambie, kisha umlete hapa. Nitampigia magoti mimi mwenyewe."

Nilikwenda. Si siku ile! Nilihitaji siku nne kukusanya moyo, kana kwamba miaka mitatu haikunitosha. Nilipofika, chumba cha Deo kilikuwa na mpangaji mwingine. Mwenye nyumba akaniambia: "Deo? Aliondoka wiki iliyopita, ameuza cherehani. Wateja walimkimbia tangu ile habari ya msibani. Nani atampa nguo mtu anayeuza marafiki zake? Alisema anakwenda kwa dada yake, upande wa Kibuye."

Nikamrudishia Mama Fosta habari. Akasema mvua zikipungua tutamfuata wote wawili, tukamtafute huko kwa dada yake.

Mvua za mwaka ule zilipungua, lakini kabla yake ilikuja Aprili, na mauaji yale. Yaliyotokea mnayajua na sina kalamu ya kuyaandika. Mama Fosta hakuyavuka. Kibuye nimekwenda mara nyingi baadaye, nimeuliza makanisani, nimeuliza masokoni kwa mafundi cherehani. Hakuna aliyeweza kuniambia kama Deo yuko hai.

Sasa nakuambia wewe unayesoma. Mtu akikutuma kazi kwa sababu yeye hawezi kuiona, ifanye kama amesimama nyuma yako. Ukishindwa, mwambie umeshindwa. Atakukasirikia, na hasira huisha. Na ukiona mtu mwingine anabeba lawama yako, fungua mdomo hapohapo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kuna msiba. Usingoje siku nzuri. Mimi niliingoja, na watu wote niliotakiwa kuwaambia wakaisha.

Na wewe Deo, kama uko popote na kuna mtu anakusomea haya: hukumsaliti Mwalimu. Nililijua hilo tangu siku ileile waliyomchukua. Ni mimi.